Mzee Aliyekataa Kugeuka

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, ndipo nianze. Sikuota, sikusimuliwa, na pombe sijawahi kuionja, hata ile ya ndizi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, pale Kiwira, ndani ya karavani niliyokuwa naitengeneza kwa mikono yangu.

Karavani, kama huijui, ni kile chumba cha bati chenye magurudumu ambacho Wazungu hukifunga nyuma ya gari na kulala humo wakiwa safarini. Yetu iliachwa na wajenzi wa barabara. Baba mkwe wangu alikuwa mlinzi wao, na walipoondoka wakamwachia kama shukrani. Akaiweka kwenye migomba yake karibu na barabara, akaishi humo mpaka akafariki, miaka miwili kabla mimi sijaolewa. Sikuwahi kumwona hata kwenye picha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila mtu ruksa kuuza, na kila shirika ruksa kupunguza watu. Mume wangu, Gwamaka, alipunguzwa miongoni mwa wa kwanza, tukarudi kwao kubanana na mama yake, na mimi nina mimba ya miezi mitano. Nikaitazama ile karavani, nikasema huo ndio mgahawa wangu. Magari ya Mbeya na Tukuyu yanapita pale kutwa, na kwa baridi ile chai haikosi mnywaji.

Mama mkwe hakukataa. Alisema tu, "Mwanangu, kabla hujaingia ukohoe. Na ujitande khanga kichwani. Mle ni mwa mkweo."

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hamtazami baba wa mumewe. Akimwona njiani anakimbilia migombani. Hawakai chini ya paa moja, wala hawapishani penye wembamba mpaka mwanamke ajifunike na kugeuka pembeni. Mimi ni Mnyakyusa wa Mbeya mjini, nimefika kidato cha nne, mambo hayo niliyaona ya bibi zetu. Nikamjibu mama wa watu, "Marehemu nimwonee aibu ya nini, mama?" Ulimi huu! Ningejua, ningeumeza.

Basi, kazi ikaanza. Mvua ya Rungwe huijui kama hujaishi chini yake. Ilikuwa imepenya kwenye maungio ya paa na kushuka ndani ya kuta. Plaiwudi ilivimba kama andazi lililosahaulika kwenye chai, na sakafu ukiikanyaga inabonyea. Nilipobandua dari nikakuta viraka vya tyubu ya gari, vimekatwa mviringo na kupakwa lami pembeni. Kumbe mzee naye alikuwa akipigana na mvua hiyo hiyo. Nikachemsha lami yangu, nikaziba maungio yote. Nikang'oa ukuta uliooza upande wa mlango, nikapigilia plaiwudi mpya. Madirisha yalikuwa yanavuja, nikayafunga kwa mbao kwa nje, misumari ya inchi nne, mpaka Gwamaka akaniuliza kama najenga mgahawa au mahabusu. Sote tulicheka.

Siku yenyewe Gwamaka alikwenda Mbeya kutafuta plaiwudi nyingine, na mama mkwe alikuwa msibani Nkunga. Kilichobaki ni kukausha mbao za ndani. Lakini utakaushaje mbao mahali ambapo jua ni mgeni? Nikawasha jiko la mkaa, nikaliingiza ndani. Mara ukungu ukashuka, mvua ikamwagika, nikakimbilia ndani na kuvuta mlango kwa nguvu zangu zote. Nyundo na msumeno niliviacha nje.

Muda si mrefu kichwa kikaanza kugonga. Nikataka kutoka nipate hewa. Mlango haukufunguka. Ubao wake ulikuwa umelowa na kuvimba, umebana kwenye fremu yake. Nilisukuma kwa bega, nikapiga teke, nikaita mpaka sauti ikanikauka. Mvua juu ya bati ilimeza kila kitu. Madirisha? Nani aliyeyapigilia kama si mimi? Nikalimwagia jiko chai iliyokuwa kwenye chupa, likafoka majivu, likaendelea kuwaka.

Hapo ndipo nilipomwona. Kule mwisho, kwenye benchi, mzee amekaa kanipa mgongo. Koti lake lilikuwa zito, la mlinzi, na katikati ya mgongo palikuwa na kiraka cheusi cha mviringo. Nikajiambia ni mpita njia aliyejikinga mvua kabla yangu. Lakini niamini, chumba kile ni hatua sita kwa mbili. Ningeingiaje nisimwone?

"Shikamoo baba. Nisaidie mlango."

Nikaupiga mlango teke jingine.

"Baba, tutakufa na mkaa huu!"

"Nkamwana," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. "Sina pa kupita."

Nkamwana ni mke wa mwana. Wazee wa huku humwita hivyo msichana yeyote aliyeolewa, kwa hiyo sikushtuka. Nikamsogelea, naye akajibana ukutani. Nikanyoosha mkono nimshike bega, akajikunyata kama ninayemchoma moto. Nami nikiogopa huwa nakuwa mkali, ndivyo nilivyoumbwa. Nikasimama katikati ya njia, mikono kiunoni, nikamfokea.

"Mzee mzima unamwogopa mwanamke mwenye mimba? Geuka tusaidiane!"

Hakugeuka. Nikabaki nimemkazia macho mgongoni, sijui kwa muda gani. Halafu mtoto, ambaye alikuwa akicheza tumboni tangu asubuhi, akatulia. Nikabonyeza tumbo upande huu, nikabonyeza upande ule, kimya. Hapo ukali wote ukaniisha. Nikakaa sakafuni nikalia kwa sauti.

"Nkamwana," akasema tena, taratibu. "Jifunike. Nipishe."

Sitakudanganya kwamba nilielewa. Nilichoka tu kubishana. Nikavuta khanga mabegani, nikajifunika kichwa na uso wote, nikasogea pembeni na kuelekea ukutani. Nikakohoa. Kilikuwa kikohozi cha mkaa, lakini kilikuwa kikohozi.

Benchi likalia. Hatua nzito zikapita nyuma yangu, na harufu ya lami na koti lililolowa. Kisha pigo moja, mbao zikapasuka, na baridi ikanipiga hadi ndani ya khanga.

Nilipojifunua hapakuwa na mtu. Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na tundu kubwa, mbao zimesukumwa kwa nje. Nikatoa kichwa na mabega, nikainywa hewa ile pamoja na mvua yake. Mama mkwe alirudi akanikuta bado nimening'inia pale, na mtoto ameanza tena kucheza.

Najua unachotaka kusema. Hata mganga wa zahanati nilikopelekwa alisema hivyo hivyo, kwamba mkaa humfanya mtu aone mambo, na Gwamaka akasema niliupiga teke ukuta uliooza. Uliooza wapi? Ule ndio ukuta niliobadilisha wiki ile ile, plaiwudi mpya!

Mama mkwe peke yake hakubishana nami. Aliuliza koti lilikuwaje. Nilipotaja kiraka, akakaa chini.

"Ee Kyala, Mungu wangu! Tulimzika nalo koti lile. Kiraka alikibandika mwenyewe, kwa tyubu iliyobaki alipoziba paa."

Kisha akaniambia walichonificha. Mzee hakufa kwa kifua kama nilivyoambiwa. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi na manyunyu, jiko ndani, na mlango ukavimba. Waliuvunja kwa shoka, wakamkuta pale kwenye benchi.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Jina lake tu hupaswi kulitamka. Kifo chake ningekusimuliaje?"

Niliukasirikia mwiko huo, na naukasirikia mpaka leo, ingawa ndio ulionitoa mle. Binti yangu alizaliwa salama. Mgahawa nikaufungua. Lile tundu nililipigilia mbao mara tatu, na kila asubuhi nikazikuta chini, zimelala kwa nje. Nikaacha. Sasa ndilo dirisha ninalopitishia chai. Kila nikiingia nakohoa kwanza na kujitanda, na nyumbani silali mlango ukiwa umefungwa, Gwamaka alalamike baridi mpaka achoke.

Wewe unayesoma, kama una jiko la mkaa ndani, litoe nje sasa hivi, hata baridi ikikutafuna. Na siku ukimkuta mtu penye wembamba kakupa mgongo, usimlazimishe ageuke. Mpishe apite. Mimi nilipata wa kunivunjia ukuta. Yeye hakumpata.