Mgomba wa Machano

Mume wangu Duni alikuwa mwashi, na usimwambie mtu kuwa kuna nyumba ya mawe mjini asiyoipaka chokaa. Sisi tulikaa Ng'ambo, lakini kwao Makunduchi, na kila Mwaka ukikogwa, ile sikukuu ya mwaka mpya wa kwetu, lazima twende. Huko wanaume hupigana kwa migomba mchana kweupe. Mwenye kinyongo na nduguye hukitoa hapo, kisha basi, hapana kushitakiana. Na mgomba ni maji matupu, haumvunji mtu.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, aliyempiga Duni kichwani ni Machano, mdogo wake wa tumbo moja. Duni alikuwa kambomolea ukuta alioujenga, mbele za watu, kwa kuwa umepinda. Haya, kinyongo chenyewe ndicho hicho. Duni akaanguka, akapotewa na fahamu kidogo, akainuka anacheka, maana pale asiyecheka huonekana si mwanamme. Lakini ndani ya gari ya kurudi mjini alitapika, akaniuliza, "Wanu, leo harusi ya nani?" Haukupita muda, akaniuliza tena. Nikamwambia dereva atupeleke hospitali moja kwa moja.

Hospitali daktari alisema fuvu ni zima, ila ubongo umetikisika, na jeraha la namna hiyo halionekani kwa nje. Alale, asikae penye mwanga mkali wala kelele, asipande juu, asibebe kitu mpaka kichwa kitulie kabisa, kisha arejee kazini kidogo kidogo. "Akitapika tena, au ukimwamsha haamki, mlete mbio," alisema. "Na asianguke kabla hajapona. Pigo la pili linaweza kumuua."

Nikafunga madirisha, nikawaomba majirani wakatwange mbali na vinu vyao. Duni, mtu mpole yule, akawa mkali. Jua linamchoma macho, majina ya watu yanampotea. Na kila alasiri anakuja nani? Machano! Anakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kaka, mgomba tu ule! Watu wanakucheka. Jumamosi njoo unimalizie dari yangu, jukwaa la kupandia nshalifunga."

"Shemegi, daktari kakataza," nikamwambia.

"Wewe unamdekeza."

Maneno yale yalimla Duni kuliko maumivu. "Kweli, Wanu, mgomba tu," akaniambia. "Labda akili yangu ndiyo imeharibika. Jumamosi nnakwenda." Nikamlilia, wapi!

Ijumaa akaja Sichana, mke wa Machano. Hakutaka hata kukaa. Alitoa ndani ya buibui kipande cha mti wa mpera.

"Bi Wanu, nilimwona mume wangu akiuchomeka ndani ya mgomba siku ya Mwaka, kisha kauficha nyumbani. Nikamuuliza, akanambia ninyamaze. Nimenyamaza, lakini kesho Bwana Duni apande jukwaa? Siwezi."

Nikampelekea Duni. Akaupapasa gizani, ncha hadi ncha, akalia. "Kumbe sina wazimu," akasema.

Hasira niliyoipata, we! Kumpiga nakubali, ndugu hupigana. Lakini mtu anajua alichompigia nduguye, kisha anakuja kunywa kahawa yangu na kumwambia hana kitu, amtoe kitandani ampandishe juu! Moyo wa namna gani huo?

Jumamosi Machano akaja na nguo za kazi. Akauona mti juu ya mkeka. Uso ukamshuka.

"Kaka, mambo ya Mwaka yamekwisha kulekule. Hatushitakiani."

Duni hakuinua sauti, maana hata sauti yake ilimuumiza. "Mgomba ulikuwa wa Mwaka, nshakusamehe. Na huu mti? Na maneno uliyokuwa ukinambia hapa kitandani, nayo ya Mwaka?"

Machano aligeuka. Alitoka hata viatu hakuvivaa sawasawa.

Duni alipona, kwa kulala na kwa subira, na alirejea jukwaani taratibu kama alivyoambiwa. Makunduchi tunakwenda bado. Migomba ikianza, yeye hukaa na sisi wanawake, wamcheke wapendavyo. Machano akija kumpa mkono, huupokea. Lakini kwanza huutazama ule mkono wake wa pili.