Mama mkwe aliogopa mwezi wa nane, mie nikasema sindano ya mapafu ichomwe

Wakuu, habari za humu. Poleni na mihangaiko.

Hili limenipata mwenyewe, sio la shemeji wa jirani. Atakayesema ni chai, karibu Kipawa, mtoto yupo, atakulilia mpaka uzibe masikio.

Mie natengeneza sabuni ya maji nyumbani. Pipa, mwiko mrefu na madumu ya wateja, basi. Ikumbukeni hiyo kazi, mbele itahusika.

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Nipo nakoroga asubuhi, mgongo ukabana, tumbo likawa jiwe. Nikadhani uchovu. Likaachia, likarudi tena.

Mume wangu ni dereva wa malori, alikuwa njiani kwenda Tunduma. Nyumbani tulikuwa mie na mama mkwe, mtu wa Kunduchi, ananiita mwanangu na kweli ananipenda. Tukapanda bajaji mbio hospitali.

Daktari akapima, akasema uchungu umeanza mapema mno. Akataka nipewe dawa ya kuutuliza, na sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto ili akizaliwa aweze kupumua.

Hapo sasa ndipo ishu ilipoanza.

Mama mkwe akanishika mkono. "Mwanangu, usikubali. Mtoto wa miezi saba anaishi, wa miezi nane haishi. Wakikuzuia ukaingia mwezi wa nane tumempoteza. Mwache atoke leo."

Msicheke. Hii imani mnaijua, hata kwetu Singida ipo. Na mama alikuwa na sababu yake: kabla ya kumzaa mume wangu, alizika mtoto wa mwezi wa nane.

Niliogopa, jamani. Nikamwambia nesi, "Sista, nieleweshe kwanza. Hayo mapafu yamepungukiwa nini?"

Mungu ambariki yule dada, hakunifokea. Akasema mapafu yana vifuko vidogo sana, na kuta zake kwa ndani zina majimaji. Mtoto akitoa pumzi, kuta zinagandana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Kuzitenganisha tena kunamshinda. Kinachozuia zisigandane ni utando wa mafuta ya aina yake, yanaitwa fosfolipidi.

"Kila moja ina kichwa na mikia miwili," akasema. "Kichwa kina fosfeti, kinapenda maji. Mikia ni mafuta, inayakimbia."

Heee! Mbona hiyo ni sabuni!

Sista akacheka. Akasema ni ndugu, ila sabuni yangu ina mkia mmoja. Hii mikia yake miwili na kichwa vimeshikiliwa na gliserini, ile ile ninayotia mie ili sabuni isichubue mikono ya wateja.

Kumbe hizo hizo ndizo zimejenga utando unaozunguka kila seli mwilini, zimejipanga safu mbili, vichwa kwenye maji, mikia imejificha katikati. Mwili unazitengeneza wenyewe ndani ya seli, kwa mafuta na vitu vingine tunavyopata kwenye vyakula kama mayai.

(Mayai! Niliyokatazwaga mimba nzima, eti mtoto atatoka kipara. Haya, tuendelee.)

Ila seli za mapafu ya mtoto huzitoa za kutosha mimba ikielekea mwishoni. Sindano inaziharakisha.

Nikaelewa. Suala sio mwezi wa saba wala wa nane, suala ni kama mapafu yako tayari. Mie sijawahi kumpelekea mteja sabuni ambayo haijakolea, halafu mwanangu ndio nimtoe hivyo?

"Mama, nisamehe," nikasema. "Hata ukininunia, hili nimeamua. Sista, choma."

Mama akatoka nje.

Uchungu ukatulia. Nikalazwa wodini. Mama alileta uji kila asubuhi, anakaa, analiangalia tumbo. Mwezi wa nane ukaingia. Mie mwenyewe niliogopa, siwadanganyi, lakini sikujuta.

Kisha uchungu ukarudi, na safari hii haukuzuilika. Akatoka kadogo, kimya. Ule ukimya bado nauota.

Halafu akalia. Akalia mpaka sista akasema huyu ana fujo.

Walimpa oksijeni kidogo, baadaye wakaitoa. Mama mkwe akaingia. Akainama, akatega sikio kifuani kwa mjukuu wake, akasikiliza pumzi muda mrefu.

"Wangu hakulia," akasema. Tukalia wote wawili.

Nilichojifunza: tumbo likibana kabla ya wakati, usikae nyumbani. Nenda, uliza mpaka uelewe, kisha simamia uamuzi wako. Madaktari wa humu, nilipokosea nirekebisheni.

Na nina ombi. Mama bado kila akimwogesha anasimama kwanza kuangalia kama anapumua. Kama ulizaliwa mwezi wa nane, andika hapo chini kwamba upo. Jioni nitakaa naye nimsomee mmoja mmoja.