Mapigo Mawili ya Kimya

Bendi yetu imebadilisha watu mara nyingi kuliko stoo yetu ilivyobadilisha kufuli. Stoo yenyewe iko Nakawa, hapa Kampala, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tunafanya mazoezi humo kila Jumamosi mchana, katikati ya magunia ya saruji, ambayo hunyonya sauti vizuri kuliko ukuta wowote. Nilianza nikiwa mwalimu mpya wa hesabu mwenye gitaa la besi la mtumba. Siku hizi mimi si mpya tena, gitaa ni lile lile, na wenzangu wa mwanzo wote wameondoka. Mwimbaji alikwenda Uarabuni kulinda hoteli. Tulipokosa wa kushika nafasi yake, tulitangaza kwamba nyimbo zetu hazihitaji maneno. Mpiga gitaa wa kwanza alioa. Wa pili naye alioa, ila mke wake anapenda kelele, kwa hiyo bado yupo.

Tunapiga metali, ile roki nzito ya magitaa, aina inayoitwa progresivu. Neno lisikutishe. Nyimbo nyingi unazozijua huhesabiwa nne: moja, mbili, tatu, nne, kisha unarudi. Mguu wako unaijua hesabu hiyo hata kama wewe mwenyewe huijui. Sisi tunahesabu saba, halafu tano, halafu tunarudi kwenye saba kabla mguu haujalalamika. Jaribu kwa kidole mezani. Ukipotea, anza tena bila haya. Mimi nilipotea miezi minne.

Wimbo wetu mkubwa ni wa dakika kumi na moja. Karibu na mwisho kuna saba nne mfululizo. Katika ile ya nne, ngoma hupiga mapigo matano tu, la tano likiwa kishindo cha toazi, ile sahani ya shaba juu ya stendi, na mawili yanayobaki ni kimya kitupu. Sisi wa nyuzi hunyamaza pia. Aliyekianzisha kimya hicho ni mpiga ngoma wetu wa kwanza, Mnubi mwenye mikono mirefu na utani usioisha. Sikumwona akikianzisha, maana waya wa besi yangu ulikuwa mfupi na spika ilikuwa mlangoni, basi nilipiga nikiwa nimempa mgongo. Nilisikia tu, nikasisimka mwili mzima.

Kila aliyejiunga nasi nilimweleza kimya kile. Nilileta ubao mdogo, nikachora. Nilisema ni ngazi iliyoondolewa vidato viwili vya juu: mtu anakanyaga hewa, na hapo ndipo anapogundua kwamba alikuwa anapanda. Wengine waliandika.

Nyimbo zetu wenyewe hatuziandiki. Desturi yetu ni kwamba anayeondoka humkalisha anayekuja na kumwonyesha, mkono kwa mkono. Mnubi alipokwenda kusimamia malori ya mjomba wake ya Juba, alimfundisha wa pili. Siku ya kuagana nilimwambia, "Kiti chako kipo," kwa sababu nilikuwa karibu kulia. Wa pili alipochukuliwa na bendi ya harusi, alimfundisha wa tatu: mama Mkongo anayeuza vitenge sokoni Kikuubo na kupiga ngoma kanisani kwao. Huyo ndiye bora kuliko wote. Hajawahi kukosea saba hata mteja akimpigia simu katikati ya wimbo.

Wiki mbili kabla ya onyesho letu la kwanza la maana, Mnubi alinipigia simu.

"Mwalimu, nimerudi moja kwa moja. Kiti changu je?"

Nilimwambia aje Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilimkuta mama Mkongo ameshakaa kwenye ngoma, fimbo zake bado zimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Mpiga gitaa alikuwa amemwambia kwamba Mnubi amerudi.

"Mwalimu, utaniambia mbele yake. Usije ukaniambia kwa simu."

"Nikuambie nini?"

"Kama miye nilikuwa nashikilia kiti cha mtu."

Kabla sijajibu, Mnubi aliingia na mfuko wa simsim, ufuta wa kukaanga, akatusalimu wote, akakaa juu ya gunia la saruji. "Piga, nyabo," akamwambia mama kwa heshima ya Kiganda. "Nisikie mlivyouharibu wimbo wangu."

Tulipiga, nami nikageuza shingo nione. Kwenye saba ya nne, mama akapiga kishindo cha tano, mkono wake wa kushoto ukalidaka toazi, akahesabu mbili, akaliachia na kuendelea. Mnubi alicheka mpaka akalikumbatia gunia.

"Nani alikufundisha kushika toazi?"

"Aliyenitangulia."

"Na yeye?"

"Wewe," nikasema.

"Mwalimu, stendi ilikuwa na mguu mbovu. Ukilipiga toazi kwa nguvu, linaanguka. Mimi nilikuwa nadaka."

"Kila mara?"

"Kishindo kilikuwa pale pale kila mara. Nilidhani mnaona."

"Na kimya?"

"Mkono umeshika toazi, moyo umeruka, ningepiga na nini? Nanyi mkawa mnanisubiri. Nikasema, hawa ni watu wema."

Mpiga gitaa aliutazama ubao wangu mdogo. "Na ile ngazi?"

"Ngazi gani?" Mnubi akauliza. Nikaugeuza ubao uelekee ukuta.

Mnubi akaomba apishwe ili atuonyeshe wimbo ulivyotakiwa kuwa. Mama aliinuka taratibu, akasimama ukutani na fimbo zake. Stendi sasa ilikuwa nzima, na Mnubi akazipiga saba zote bila pengo. Sisi wawili tulinyamaza kwenye mapigo yale mawili kama tulivyozoea, na yeye akasikika peke yake, kama mtu anayeendelea kuongea wakati wenzake wameanza kusali. Tukarudia. Mara ya tatu aliacha mwenyewe.

"Bila kudaka, hapa hakuna kitu," akasema. Alimtazama mama. "Kiti ni chako. Mimi nilikuwa naokoa toazi. Wewe ndiye unayepiga wimbo."

"Nilikuahidi," nikamwambia, kwa sauti ndogo.

"Uliahidi kwamba kipo. Si kile pale? Nakiona."

"Kaa basi nikufundishe," mama akasema.

"Nitakuwa mwanafunzi mbaya."

"Mwalimu amewazoea."

Kwa ajili ya onyesho nilinunua waya mrefu, nikasimama upande, ili kwa mara ya kwanza nipige wimbo mzima nikiziona ngoma zetu. Ilikuwa saa kumi alasiri, bustani imejaa viti vya plastiki, na Mnubi yuko mstari wa mbele na simsim yake. Tulifika kwenye saba ya nne. Mama akapiga tano, mkono ukalishika toazi, bustani nzima ikanyamaza. Nikageuza macho mbele. Simsim ilikuwa imemwagika yote mapajani mwa Mnubi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu, umedaka hewa.