Cheti cha Danford

Mwalimu Evaline alikuwa mshauri wa ajira kwenye chuo kimoja cha kilimo na mifugo pembezoni mwa mji wa Mpanda. Miaka sita alikuwa amewafundisha vijana kuandika wasifu, kuvaa kwa ajili ya usaili, na kumtazama usoni anayewauliza maswali. Aliwaambia watapata kazi, na aliposema hivyo alikuwa anaamini.

Mwezi wa tatu mkuu wa chuo alimkabidhi fomu. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na walitaka kujua wahitimu wa mwaka uliopita wako wapi. Mbele ya kila jina palikuwa na visanduku vitatu: ameajiriwa, amejiajiri, anatafuta.

"Wapigie wote, mwalimu," mkuu alisema. "Ila hicho cha tatu usikijaze sana."

Akaanza kupiga. Celestin alikuwa Karema, anaanika dagaa. "Niandike nimejiajiri, madam," alisema akicheka, "ingawa dagaa wenyewe ni wa mjomba." Lidia alikuwa ameolewa na hakutaka kuongea mbele ya mume wake. Upendo aliuliza kwa haraka, "Madam, kuna nafasi?" Alipojibiwa hapana, akakata simu. Kufikia mchana wa siku ya pili, walioajiriwa walikuwa wanne, mmoja wao mlinzi wa ghala.

Ndipo akapiga namba ya Danford, kijana mpole wa Magamba aliyekuwa anaandika barua moja ya maombi mara tano mpaka aridhike. Simu ilipokelewa na mtu mzima.

"Namtafuta Danford. Mimi ni mwalimu wake wa chuo."

"Mimi ni baba yake, Hilari. Danford tulishamzika, mwalimu. Mwezi wa kumi na moja. Shimo la dhahabu liliwafukia, walikuwa wawili."

Evaline alisema pole, akarudia tena pole.

"Alikuwa anasubiri cheti," mzee aliendelea. "Alisema akikipata tu, anaachana na mashimo."

Vyeti vya mwaka ule vilichelewa sana kutoka. Evaline alifungua kabati la ofisini kwake. Vyeti kumi na moja vilikuwa bado humo, na cha Danford kilikuwa cha pili kutoka juu, kimegongwa muhuri wa siku kilipopokelewa: tarehe nane mwezi wa kumi. Alikumbuka siku hiyo. Alitangaza kwenye kundi la WhatsApp la wahitimu, akaona amemaliza. Hakumpigia mtu simu. Danford alikuwa na simu ya kitochi, isiyo na WhatsApp.

Kwenye fomu aliandika kwa mkono: amefariki. Mkuu wa chuo aliisoma akakunja uso.

"Hakuna kisanduku cha hilo. Alikuwa anachimba, si ndiyo? Basi alijiajiri."

"Amekufa, mkuu."

Mkuu aliagiza orodha ichapwe upya bila jina hilo, na ilipoletwa akamsogezea kalamu. Mkataba wa Evaline ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Akasaini.

Siku iliyofuata aliwapigia wale wengine kumi waje kuchukua vyeti vyao vilivyokuwa kabatini, kisha akachukua cha Danford, akakodi bodaboda hadi Magamba. Mzee Hilari alimpokea uani, akamtolea kiti. Mama wa marehemu, Rozalia, hakujua kusoma. Alishika cheti kwa mikono miwili, akamwomba mgeni amsomee jina la mwanawe. Evaline alilisoma. Mama akamwomba arudie.

"Kilifika lini?" mzee aliuliza.

"Mwezi wa kumi, baba."

"Kabla."

"Kabla, baba. Kilikuwa kwangu. Sikumpigia."

Mzee hakumfokea. Rozalia aliinuka na cheti, akaingia ndani, na kilio chake kikasikika mpaka uani. Evaline alikaa kwenye kiti kilekile, hajui aondoke au abaki.

Alipoaga, mzee alimsindikiza mpaka barabarani.

"Mdogo wake, Imakulata, amemaliza kidato cha nne," alisema. "Anataka kuja chuoni kwenu. Nimlete?"

Evaline alijua mkuu wa chuo angetaka ajibu nini.

"Asije, baba. Kwa sasa asije."

"Basi aende wapi?"

Evaline alimpa mzee mkono, akapanda pikipiki.