Mkurugenzi wa Drili Amefariki

Mwezi uliopita tulimzika mtu wa Kirumba, hapa Mwanza, ambaye wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Tangazo la kifo chake lilisomwa redioni asubuhi nikiwa nanyoa ndevu, likamwita mwekezaji mzalendo na mwanzilishi wa kiwanda. Nilisimamisha wembe. Nimefahamiana naye miaka mingi, nimekula sato wake na kuvumilia majigambo yake, na namwombea pumziko jema. Lakini kiwanda hakuanzisha. Alichofanya marehemu ni kununua drili.

Alikuwa mkuu wa stoo katika kiwanda cha umma cha nguo, na mkewe alikuwa kwenye mashine za kufuma. Kiwanda kilipouzwa, wote wawili wakapunguzwa kazi. Hizo ndizo siku ambazo mji mzima uligeuka kuwa wa wakurugenzi. Mtu alipokea kiinua mgongo jioni, na asubuhi anakupa kadi yenye jina lake na cheo alichojipa mwenyewe. Maduka ya Nyamagana, ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu na karani anayesinzia, yalijaa vitu vinavyong'aa, nasi tukaamini kwamba kitu kikiwa na rangi mpya basi hayo ndiyo maendeleo. Rafiki yangu akatangaza kufungua karakana nyumbani, akaniomba nimsindikize kununua drili ya kusimama, ile mashine ya kutobolea chuma yenye nguzo, meza ya kuwekea kazi na mkono wa kushushia biti, kile chuma chenye ncha kinachotoboa. Mkewe alitaka kuja nasi. "Mashine si kitenge," akamjibu, tukamwacha mlangoni.

Dukani muuzaji alituonyesha kwanza mashine ndogo ya kuweka juu ya meza. "Hii inakutosha, mzee. Unachomeka ukutani tu, inafanya kazi."

"Mimi naonekana mtu wa kuchomeka ukutani?"

Nilimshauri walau akamate kile kichwa kinachobana biti, akitikise, aone kama kinacheza. Nikamwambia kwamba hata ng'ombe mnadani hufunuliwa meno. Akanitazama kwa huruma, kisha akanyoosha kidole kwenye mashine ndefu ya kijani iliyomzidi kimo. Hakuuliza inatumia umeme gani. Aliuliza kama ipo kubwa zaidi ya hiyo.

Ilikuwa ya umeme wa njia tatu, wa viwandani. Nyumba yake, kama nyumba yako msomaji na yangu, ilikuwa na umeme wa njia moja. Fundi aliyeitwa kuiunganisha alicheka, akafukuzwa. Basi mashine ikasimama sebuleni kati ya kabati na redio, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni wakawa wanaambiwa kwamba mitambo inasubiri umeme. Mvua zikaja zikaenda. Kwa muda wote huo alililaumu shirika la umeme, akailaumu serikali, akawalaumu hata wafadhili. Kulaumu macho yake mwenyewe hakukumjia.

Aliyeiondoa pale ni mkewe. Zamu yake ya upatu ilipofika, alinunua mota ya umeme wa nyumbani, akamrudisha yule fundi aliyefukuzwa, akaihamishia mashine kwenye banda la uani na kuifunga kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Mafundi wa mitumbwi wa Mwaloni wakaanza kumletea vyuma vya kushikia injini. Nilimwona akifanya kazi. Kilemba amekikaza, mikono mitupu, hakuna khanga inayoning'inia. Chuma kikiwa kinene alihamisha mkanda kwenye puli ili biti izunguke polepole. Alikigonga alama kwanza, akakibana kwenye jiriwa, akadondosha mafuta, akashusha mkono taratibu, akiinua mara kwa mara ili unga wa chuma utoke. Nyumba ile ilikula kwa matundu hayo. Mumewe akachora kibao barabarani chenye jina lake na neno Mkurugenzi.

Siku moja mkurugenzi alileta wageni wenye suti. "Mama, pisha kidogo," akasema, akavaa glavu nene za ngozi, akashika bamba la chuma kwa mkono.

"Baba, lifunge kwanza! Na vua hizo glavu!"

"Nimeongoza stoo ya kiwanda kizima mimi."

Biti ilipokuwa inatokezea upande wa pili, ikanasa. Bamba likazunguka kama feni, glavu ikavutwa, mkono ukafuata. Mkewe alirukia swichi. Wageni walikuwa wameshatoka nje ya banda. Mkono ulipona, ila vidole viwili havikukunjwa tena, na kuanzia hapo alimweleza kila aliyeuliza kwamba aliumia akiwafundisha vijana kazi.

Msibani hotuba zilikuwa ndefu. Mmoja alisema Mwanza imempoteza mtu wa mitambo. Mama yule alitajwa mara moja tu, kama mjane mwenye majonzi. Matanga yalipoanuliwa, ndugu wa marehemu walikuja na pikapu kutoka upande wa Usagara. Mkubwa wao hakuzunguka.

"Shemeji, mtambo wa marehemu unarudi kwenye ukoo. Wewe Mungu amekupa mabinti tu."

"Huko mnakoupeleka kuna umeme?"

"Utakuja."

Wakaung'oa, bolti zikabaki zimechomoza sakafuni kama meno mabovu. Wanaume wazima, waliokula ugali wake siku zote za msiba, waliondoka na mashine ambayo hakuna hata mmoja wao anayejua inawashiwa wapi. Nilimwambia yule mama aende mahakamani, na kwamba ningekuwa shahidi.

"Nitaenda," akasema. "Lakini kesi itachukua muda, na watu wa mitumbwi wanataka kuingia ziwani wiki hii."

Tukaenda dukani akiwa bado amevaa nyeusi, na majirani wakapata la kunong'ona. Kijana wa dukani alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaenda moja kwa moja kwenye mashine za mezani. Alikamata kichwa cha moja, akakitikisa, akaiacha. Ya pili haikucheza. Akapandisha na kushusha meza yake, akaomba iwashwe, akaiinamia na kuisikiliza.

"Mama," kijana akauliza, "mzee hayupo aje achague?"

"Mzee alishachagua, mwanangu. Hii nafunga mimi."

Tunaendelea kuuza viwanda, na kila wiki nasoma sifa za wanunuzi: kimo chao, mifuko yao, suti zao. Sijasoma bado kwamba yupo aliyeulizwa kama anajua kuwasha. Kwa hiyo wewe unayetaka karakana nyumbani, usianze na mashine. Tafuta kwanza nani atasimama mbele yake kila siku, umpeleke dukani, na ukifika huko ufunge mdomo.