Damu ya Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu alikuwa na kila kitu nilichokuwa nacho zamani: kiuno, meno yote, na sikio la mume. Nilidhani angalau kwenye damu nitamshinda.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, hapa Iyula, trela la trekta la kijiji lilimbana mume wetu paja wakipakia kahawa. Tulimfikisha hospitali midomo imepauka. Daktari akasema asubuhi lazima apasuliwe, na bila damu hathubutu kumgusa. Nikajisemea, leo ndiyo leo! Mimi ndiye mke mkubwa, mimi niliyemzalia, mimi ndiye nitakayemwokoa. Nikapandisha mkono wa gauni kabla sijaambiwa.

Bwana wa maabara akanitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kigae cheupe, akaitia dawa na kukiyumbisha taratibu. Damu yangu ikajikusanya vipunjepunje, kama maziwa yaliyokatika.

"Yako haiendani na yake, mama. Tukimwekea, itamuua."

Akatobolewa mke mwenzangu. Yake ikabaki laini. Wakaichanganya na ya mume wetu kwenye kichupa, wakasubiri, laini vilevile. Loo! Hata kwenye kichupa wanapatana!

Kikabaki kipimo cha kaswende, maana damu yenye ugonjwa haitolewi. Nikamwomba Mungu huyo mwenzangu akutwe nayo. Mara nikakumbuka kwamba akiwa nayo yeye, tunayo wote watatu, na mume atakosa damu. Nikaomba upya, haraka haraka.

Hakuwa nayo. Akatolewa damu, chupa ikabandikwa plasta yenye jina lake, ikawekwa kwenye friji la mafuta ya taa. Bwana wa maabara alikuwa akiinama kutazama utambi, anasema damu ipoe lakini isigande barafu, ikiganda haifai tena. Mimi nimeishi na mwanamume huyu kwenye nyumba ya udongo miaka yote, friji ndiyo kwanza naliona, na aliyetunzwa humo ni yeye!

Asubuhi chupa ikatundikwa. Nikatazama tone baada ya tone likimwingia, na midomo ikirudi rangi. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja.

Lakini sikukaa kimya. Kwetu, watu wawili wakichanjiana damu wamekuwa ndugu, na ndugu hawaoani. Alipopona nikamketisha mbele ya mama mkwe.

"Baba, huyu sasa ni dada yako. Ni mwiko kulala naye. Mrudishe kwao Ndalambo."

Mama mkwe akaguna, "Mila ndivyo ilivyo." Mke mwenzangu aliendelea kumenya maharage, macho chini. Mume akapapasa kovu la paja, akafikiri.

"Umesema kweli, mama watoto. Huyu ni dada yangu."

Moyo ukanirukaruka.

"Ila mke ndiye anayerudishwa kwao. Dada kwao si ndiyo hapa? Nitamrudisha wapi?"

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Huo udada wenyewe haukufika hata msimu mwingine wa kahawa, mke mwenzangu akashika mimba. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, tena nimelianzisha mimi: katika nyumba ile, wa kurudishwa kwao nilibaki peke yangu.