Sauti ya Shangazi

Kila anayeniambia kuwa ule ulikuwa utani tu, namuuliza: mtani wake alikuwa nani? Utani una watu wawili, mmoja anarusha na mwenziwe anarudisha. Shangazi yangu angerudishia wapi, wakati mimi nilikuwa jukwaani Dar es Salaam na yeye yuko kwetu Lukozi, juu milimani, anapalilia maharage?

Nilikuwa mwigizaji miaka mingi kabla sijawa diwani. Nilianzia jukwaani, nikahamia kwenye runinga, na kote huko nilicheza mtu yuleyule: mtunza bustani kutoka milimani, anayeogopa lifti na kuliamkia jokofu shikamoo. Siku ya kwanza ya mazoezi mwongozaji aliniambia, "Hapo weka Ushambaa kidogo." Nikaweka. Wala sikubuni kitu. Nilichukua sauti ya shangazi, dada yake baba, aliyenilea, nikaichukua nzima: anavyovuta mwisho wa neno, anavyojipiga paja, anavyocheka kabla hajamaliza kusema. Watu wakavunjika mbavu. Sauti hiyo ilinilisha miaka yote, na hakuna hata siku moja niliyomuuliza mwenyewe kama anaridhia.

Nilipogombea udiwani huko kwetu nilitaka kuhutubia kama mtu mzima. Nilikuwa na ya kusema kuhusu barabara na kabichi zinazoozea njiani. Meneja wangu wa kampeni akaninong'oneza pale gulioni.

"Mcheza kwao hutunzwa, bwana. Wape ile sauti."

Nikawapa. Shangazi alikuwa mbele kabisa, amejitanda khanga, na watoto waliokaa karibu naye waliacha kunitazama mimi wakaanza kumtazama yeye. Walikuwa wameshamtambua. Nilishinda, nikabebwa juu juu, na kuanzia wiki ile kila akienda dukani watoto walimfuata nyuma wakivuta maneno kama yeye. Akaanza kununua kwa kidole. Anaonyesha sukari, anaonyesha chumvi, anaondoka. Nilipoambiwa nilisema watoto watachoka wenyewe. Mpumbavu mkubwa mimi.

Mwaka jana mgeni mmoja alinunua shamba bondeni. Akang'oa masale, mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka, akapanda kabichi juu ya njia ya kwenda chemchemi, akaweka na seng'enge. Sasa wanawake wa kitongoji chetu wanazunguka kilima kizima na ndoo kichwani, wazee na wajawazito humohumo. Masale yale yalipandwa na shangazi na marehemu mumewe. Wengine wote waliokuwepo siku hiyo wamekwisha kufa. Shauri lilipofika baraza la kata, nilimwendea shangazi nikamwomba atoe ushahidi. Akatikisa kichwa. Nikamrudia mara tatu, na mara ya nne akavaa viatu tukaondoka.

Barazani alianza kwa Kishambaa. Mwenyekiti akamkatiza kwa adabu, akimwonyesha yule mgeni.

"Shikamoo, bibi. Tunaomba Kiswahili, na mwenzetu huyu asikie."

"Marahaba," akasema shangazi. Akavuta pumzi. "Masale yale tulipanda mimi na mume wangu. Shina la kwanza..."

Hakufika mbali. Mtu mmoja dirishani alidakia maneno ya mtunza bustani wangu, kwa sauti yangu, yaani kwa sauti yake shangazi, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alijificha nyuma ya faili, mabega yanamtikisika. Mgeni wa kabichi alicheka kuliko wote, na kwa nini asicheke? Kicheko kile kilikuwa wakili wake.

Nikasimama nikafoka. Niliwaita wahuni, nikawauliza kama wao hawakuzaliwa na mwanamke. Mate yalinitoka. Wakazidi kucheka, wengine wakapiga makofi, maana walidhani naigiza. Sijawahi kuwachukia watu namna ile, na waliokuwa mle ndani ni watu wangu, walionipigia kura.

Shangazi alikuwa ameshakaa. Mwenyekiti, sasa ameona haya, akamsihi aendelee. Shangazi alinigeukia mimi, akasema kwa Kishambaa, taratibu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniunguza hadi leo:

"Sema wewe, mwanangu. Sauti yangu si unayo wewe?"

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akashika kalamu, akaniuliza shina la kwanza la masale lilikuwa wapi. Nikafungua mdomo. Lakini masale yale yalipandwa mimi sijazaliwa, na sikujua.